Mwalimu wa Hesabu wa Neema

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa,
Malawi

Kwako wifi yangu mpendwa, Mama Neema,

Pokea salamu zangu na za binti yako. Sote wawili tuko wazima wa mwili, na tunakuwaza kila siku. Mguu wako umepoa, au bado unavimba ukitoka shambani? Na mama yetu mzee, anakula? Watu waliopitia Kigoma walituambia Uvira ilikuwa na risasi tena wakati wa mavuno, na tangu hapo hatujasikia neno lingine. Tunaomba Mungu barua hii ikukute nyumbani kwako, si porini. Ninamkabidhi mfanyabiashara wa vitenge anayerudi Kigoma, naye amesema atampa mtu wa kuvuka ziwa.

Mimi bado nina cherehani. Nashona magauni na kuyapeleka soko la Tsoka, kule Lilongwe, kila ninapopewa karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Mvua mwaka huu imetuhurumia, mahindi ya nyuma ya nyumba yamenizidi urefu. Nsima yao nyeupe ya mahindi tumeizoea, ingawa Neema akiiona bado anauliza bugali ya muhogo tutakula lini.

Sasa nikueleze habari za masomo yake. Nitaanza mwanzo kabisa, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine.

Unajua mtoto alitoka huko akiwa amesoma kwa Kifaransa. Hapa sekondari ni Kiingereza. Masomo mengine aliyakamata pole pole, kwa kukariri na kwa kuuliza wenzake, lakini hesabu zilimshinda kabisa, yeye ambaye baba yake alimpa kazi ya kumhesabia magunia ya mchele tangu hajaota meno ya mbele. Alipoingia kidato cha tatu mwalimu mkuu aliniita. Aliniambia kwa upole kwamba asipopata mtu wa kumfundisha pembeni hataupita mtihani wa mwisho wa serikali, na mkimbizi asiye na cheti kile, milango yote iliyobaki ni ya kubeba na kulima.

Nikaanza kutafuta. Wa kwanza alikuwa mteja wangu, mama mmoja wa mtaa wa Area 18 kule Lilongwe, mwalimu, mtu wa moyo mzuri. Jumamosi tulipanda matola, yale magari ya mizigo yanayobeba watu nyuma, tukaenda mpaka kwake. Alimfundisha kwa Kiingereza, na Neema asipoelewa alirudia kwa Kichewa, hapo ndipo mtoto alipopotea zaidi. Tena karatasi yangu ya ruhusa ilikuwa ya mtu mmoja. Mara ya tatu, kwenye kizuizi cha barabara, askari alinirudishia karatasi yangu na kumwambia Neema ashuke. Nilishuka naye. Tulikaa pembeni ya barabara na magauni yangu mpaka tukapata gari la kurudi Dowa. Nikasema basi.

Wa pili alikuwa kijana wa hapa kambini, wa Bukavu, aliyesema amefika chuo kikuu. Mashati yake yalikuwa safi kuliko ya mchungaji. Alikuja mwezi mzima, na Neema hakusogea hata hatua. Siku moja niliingia na chai nikamkuta anachungulia karatasi mfukoni. Kumbe alikuwa ameng'oa kurasa za mwisho za kitabu, zile zenye majibu. Neema akimwuliza jibu limetoka wapi, alisema limetoka kwenye fomula. Nilimshukuru, akamaliza chai yake, akaenda.

Baada ya hapo Mama Riziki, yule ninayeimba naye kwaya, aliniambia kuna mtu upande wa juu wa kambi aliyefundisha hesabu sekondari kwetu Uvira miaka mingi. Kiingereza amejifunza hapa hapa, peke yake, na kamusi. Anaitwa Mwalimu Muhoza. Halafu Mama Riziki akashusha sauti akaniambia ni Munyamulenge.

Wifi, najua umeiweka barua chini. Ichukue tena, nakuomba.

Mimi mwenyewe nilikaa wiki tatu bila kwenda. Baba Neema alikuwa mume wako, lakini alikuwa pia kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Wale waliomtoa nyumbani walikuwa wanasemezana kwa lugha ile ile ya Wanyamulenge. Wewe ulisikia, mimi nilisikia, na mtoto alikuwa chini ya kitanda na yeye alisikia. Sina haja ya kukukumbusha. Lakini siku nilipomkuta Neema anatumia kaye yake, lile daftari la hesabu, kuwashia moto, ukurasa baada ya ukurasa, bila kulia, nilivaa viatu nikaenda.

Ni mtu mwembamba, anafuga sungura, na ubao wake ni mlango wa zamani alioupaka makaa. Nilimwambia sisi ni watu wa Uvira, nikamtajia mtaa wetu, na nikamwambia baba wa mtoto alichukuliwa akiwa mezani na hakurudi. Aliweka chaki chini. Aliuliza kama mama yake mtoto yuko hai. Nilisema yuko. Akasema yuko tayari kumfundisha, ila niwaambie mtoto na mama yake yeye ni nani. Malipo hakutaja. Mimi nilisema nitawashonea watoto wake sare za shule, akakubali.

Hapo nilikosa. Sikumwambia Neema. Nilidhani ataanza kwanza, azoee, ndipo nimwambie. Siku ya kwanza walikuwa katikati ya hesabu ndefu, mimi nimekaa mlangoni, mara mtoto mdogo wa mwalimu akamwita baba yake kutoka jikoni kwa lugha yao. Neema alisimama. Aliacha kaye mpya mezani na kalamu ya biki juu yake, akaondoka akitembea haraka, wala hakugeuka.

Nyumbani aliniambia, "Mi sirudi kule, shangazi. Na we ulijua."



Kesho yake nilirudi kwa mwalimu kuomba radhi na kuchukua kaye. Hakukasirika. Alinikaribisha kiti, akanisimulia na yeye alivyotoka Uvira, mwanzo wa vita, siku zile watu wa kabila lake walipokuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba. Alipoteza kaka wawili. Aliniambia bila kupandisha sauti, "Benye balionyesha nyumba yangu balikuwa banafunzi bangu. Nilikuwa najua majina yabo yote." Nilimwuliza anawezaje kufundisha tena watoto wa huko. Alisema hana kazi nyingine anayoijua.

Nilimpelekea Neema kaye yake. Ndani mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, pembeni ya ile hesabu aliyoiacha, kwa Kifaransa, kwamba mpaka mstari wa tano yote ni sawa, kosa liko mstari wa sita. Basi. Neema aliitupa juu ya kabati. Siku ya pili niliikuta kitandani kwake. Siku ya tatu aliniambia, "Mpaka wa tano nilikuwa sawa, shangazi. Shuleni banasemaka tu yote ni bure." Jioni ile ile aliniomba nimsindikize.

Mwalimu alikuwa anawapa sungura majani. Neema hakumsalimu. Alisimama mbele yake akamwuliza, "Mwalimu, we ulikuwa pamoja na bale?"

Mwalimu Muhoza alisema, "Hapana. Lakini mtoto wa dada yangu alienda nabo. Sijui alifanya nini. Hakurudi."

Nilidhani mtoto ataondoka tena, na safari hii nisingemlaumu. Yule mtu hakujitetea, aliendelea kuwapa sungura majani. Mwishowe Neema alivuta kiti, akafungua kaye, akasema, "Tuanze mstari wa sita."

Tangu siku hiyo alikwenda mara tatu kwa wiki, mwaka mmoja na zaidi. Mwalimu alimfundisha hesabu kwa Kifaransa kwanza, halafu wakazirudia zile zile kwa Kiingereza, mpaka akawa anawaza kwa lugha zote mbili. Ni mkali. Hakuna siku alimsifu mbele yangu. Mimi nilikaa mlangoni na sindano yangu siku zote za mwanzo, baadaye nikaacha kukaa.

Kanisani walisema mengi. Mama mmoja wa mtaa wetu wa zamani ameacha kunisalimu, na ana kaka huko, kwa hiyo maneno yatakufikia kama hayajakufikia. Utaambiwa Wabiwa amemuuza mtoto wa kaka yake. Ndiyo maana ninaandika kirefu hivi. Mwalimu mwenyewe kila mwezi aliniuliza kama nimekuandikia, nami nikasema njia za barua zimefungwa. Zilikuwa zimefungwa, kweli, lakini pia niliogopa. Kama kuna wa kulaumiwa, nilaumu mimi. Sikukuuliza kwanza, na sikumwambia mtoto kwanza.

Matokeo yametoka wiki iliyopita. Neema amefaulu mtihani wa serikali. Kiingereza amepita kwa shida, biolojia vizuri, na hesabu amewashinda wote wa darasa lake, wenyeji na wakimbizi. Mwalimu mkuu alimpa mkono mbele ya watu wote. Anasema anataka uuguzi, na nimeanza kuulizia hospitali ya misheni kule Likuni kama wanapokea watoto wa kambini. Bado hawajanipa jibu.

Nisalimie mama yetu mzee, mwambie gauni lake nimelishona, nangoja tu mtu wa kulibeba. Nisalimie shemeji fundi wa baiskeli, na mchungaji aliyetubatizia watoto, na jirani yako muuza samaki wa ndagala aliyetuficha siku mbili nyumbani kwake, huyo msalimie mara mbili. Neema anataka kuandika chini yangu, namwachia nafasi.

Ni mimi wifi yako anayekupenda, na anayesubiri neno lako, likiwa zuri au likiwa kali,

Wabiwa

Mama, ni mimi Neema. Shangazi amenisomea barua yote, ameandika vile ilivyokuwa. Kitu kimoja hakukijua. Siku ile nilipomwuliza mwalimu, nilikuwa nimeshaamua kwamba akinidanganya nitaondoka na sitasoma hesabu tena maisha yangu yote. Hakunidanganya. Mama, baba bado namwota. Na hesabu nimezijua.