Magogo mabichi ukutani

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono maana kichwa changu hakijui mbele wala nyuma, mimi na mume wangu tunajenga nyumba ya vyumba viwili, na kwa kuwa matofali hatuyawezi, ukuta unapangwa kwa vipande vya magogo, vinalazwa kimoja juu ya kingine kama kuni za stoo, katikati unatiwa udongo wa saruji, na anayetujengea, tena bure, ni shemeji yangu, fundi, mdogo wake mume wangu. Kazi yangu ilikuwa kumenya magome na kuanika magogo mwaka mzima, nikaanika, lakini rundo lilipopungua nikachanganya na mabichi, maana nimechoka kuishi chumba kimoja cha kupanga na watoto watatu na choo cha foleni, nikamwambia shemeji yote makavu, akaniamini. Sasa yale mabichi yamekaukia ukutani, yamenywea, kila moja lina upenyo pande zote, ukisimama sebuleni unamwona jirani anaanika nguo. Mume wangu akamwambia mdogo wake mbele ya watu, "Huu si udongo, ni uji." Shemeji akachukua mwiko wake akaondoka, wiki ya tatu hii hawasalimiani. Nikisema, mume ataniona mwongo, nisiposema, shemeji kaonewa, mara najiambia labda kweli udongo ulikuwa mwepesi, kisha naingia mle ndani naona magogo makavu yametulia, yanayocheza ni yale mabichi yangu tu. Nifanyeje?

Mama Magome

Mama Magome, pole, ila usinizungushe. Kosa unalijua, umelikagua mwenyewe gogo kwa gogo. Habari za haraka na baraka umezisikia tangu utotoni, sizirudii. Lakini mficha uchi hazai, na wewe umeficha mpaka ndugu wa tumbo moja wanapishana bila salamu.

Nyumba haijafa. Msizibe kitu sasa. Magogo yakimaliza kunywea, mwisho wa kiangazi, zibeni kwa udongo wenye chokaa na vumbi la mbao, ndani na nje.

Mumeo mwambie leo, kwa sentensi moja, bila machozi ya kutafuta huruma. Atafoka, mwache afoke. Kesho nendeni wote kwa shemeji yako. Alitukanwa mbele ya watu, aombwe radhi mbele ya watu haohao, na wewe ndiye utangulie kusema.

Ukuta utasubiri kiangazi kiishe. Aliyekujengea bure amesubiri vya kutosha.