Puring, Tumevua Nguo Nyeusi

Mwaka umekwisha tangu ututoke, Puring, na mimi bado naweka vikombe vitatu mezani kila asubuhi. Dencio hukiinua cha tatu, hukichungulia, kisha hukirudisha mahali pake.

Hapa mjini kwetu Taal wanakutaja bado kwa suman yako, ule wali wa kunata wa tui la nazi uliofungwa kwa majani ya mgomba. Na wakiitaja wanacheka, kwa sababu ya mafundo ya Dencio. Mwanetu akili yake ilibaki nyuma tangu ile homa ya utotoni, lakini kufunga kamba ulimfundisha mwenyewe, miaka nenda miaka rudi, mpaka akajua. Akajua kupita kiasi. Bi Bebang wa dukani alikuja siku moja amefura.

"Puring, hii ni suman au umefunga mwizi? Mumeo anafua visu, wewe unauza mafundo. Mmepanga, nyie wawili!"

"Si una meno?" ulimjibu. "Au kazi yake ni kunisengenya tu?"

Nilicheka mpaka nyundo ikaniponyoka. Ulikuwa mkali kama pilipili kwa yeyote aliyemgusa Dencio, hata kwa utani. Kumbe jioni ndiwe uliyemkata kucha, mtu mzima na ndevu zake, ukimsimulia hadithi ili asivute mkono. Ulimtambulisha kwa kila mtu sokoni, ili akipotea arudishwe nyumbani. Na alipoanza kushika mikono ya watoto wa shule na kuigusisha kwenye paji la uso wake, kama tunavyowaamkia wakubwa zetu, nilitaka kumkataza. Ukasema, "Mwache. Watoto wenyewe wanafurahi."

Kitandani hospitalini uliniuliza, "Islaw, unajua naomba nini kanisani?"

"Wateja."

"Acha mzaha. Naomba Mungu amchukue Dencio kwanza, mimi nifuate kesho yake. Mama gani anaomba hivyo?"

Nilikushika mkono tu. Mungu hakukupa ulichoomba, na mpaka leo sijui kama nimshukuru.

Rosenda wetu anapiga simu kila Jumapili kutoka Italia, anakowatunza wazee wa watu. Maneno yake ni yaleyale. "Baba, umri umekwenda. Kuna nyumba ya masista huko Lipa, wanawapokea watu kama Kaka. Ukianguka wewe, atakuokota nani? Na yeye je?" Anasema kweli, na analia akisema. Nilimwahidi kwamba tukishavua nguo nyeusi nitampeleka Dencio.

Jumapili iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Padri alikuombea, majirani wakala wakashiba, nami nikavua shati jeusi nililokuvalia mwaka mzima. Nilipomtafuta Dencio nimvue na lake, hayupo. Nikamkuta getini. Alikuwa ameoga mwenyewe, nywele amezilaza kwa maji, amevaa shati la manjano ulilopenda kumwona nalo. Lile jeusi alikuwa amelikunja magotini. Kapu lako la sokoni lilikuwa miguuni pake.

"Dencio, njoo ule. Unafanya nini hapa na jua lote hili?"

"Namngoja Mama."

"Mama hayupo, mwanangu."

"Ulisema tuvae nyeusi mpaka mwaka uishe. Nimevaa, Baba. Hata kwenye joto nimevaa."

Puring, mwaka mzima alikuwa akidhani nguo nyeusi tunazivaa kukungojea, na siku tukizivua wewe unarudi. Ndiyo maana hakunung'unika hata mara moja, yeye asiyeweza kuvumilia kola shingoni. Nilikaa chini kando yake, nikamweleza tena polepole kwamba umekufa, na waliokufa hawarudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalichukua shati jeusi, akalivaa juu ya lile la manjano, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Basi bado," alisema, akaingia ndani kula.

Rosenda alipopiga jioni nilimwambia masista wasitutarajie. Aliuliza, "Mpaka lini, Baba?" Nikamjibu sijui, na kweli sijui. Najua tu kwamba nikimwacha kwenye lango lao nikageuka, atakaa palepale. Siwezi kumpa mtu wa pili wa kumngoja.

Nimechoka, mke wangu. Niko na mwanetu kutwa kucha, na bado niko peke yangu. Hakuna wa kumuuliza kama nimetenda vyema. Wewe ungenigombeza, halafu ungenipakulia wali.

Hutatutoka moyoni siku zote tulizobakiwa nazo: mimi mumeo Islaw, binti yako Rosenda na mumewe, dada yako Consing, na Bi Bebang, ambaye ameniomba nilitie jina lake.

Dencio sikumweka miongoni mwa wanaokukumbuka. Yeye anakungoja.