Plaje ya Kalemie, ile ulituchagulia

Yaya Mado, dada yangu mukubwa,

Jambo kutoka Kalemie. Ziwa iko muzuri sana, kama vile ulisema. Niko naiona ku dirisha ya jikoni ya Tantine.

Unakumbuka pale kwako mu komini ya Kenya, Lubumbashi, tukichagula plaje, muchanga ya kando ya mayi, ya likizo yetu, ile konje ya Septemba? Miye nilisema Karavia, palepale Lubumbashi, inatosha, siku mbili, sie babili tu. Weye ukacheka: "Karavia? Bantu benye kupendana banaenda Kalemie!" Bwana yangu Papy akakubali mbio. Hakuna mwenye alikumbuka kama Tantine, shangazi yake, anaishi hapa.

Tulifika ku oteli na valizi, tukakuta Tantine anatungoja ku mulango, mikono mu kiuno: "Mutoto yangu alale ku oteli, na miye niko muzima?" Oteli ikaishia pale.

Sasa nalala kitanda moja na Tantine, na anakoroma. Papy analala ku salo, kwenye viti vya bageni, na tonton, bwana ya Tantine. Tunaonana ku meza, tunasalimiana kama majirani. Ku plaje nafika, kweli: kila asubui naanika samaki badogo, ndagala ya Tantine, ku muchanga, na ile kofia kubwa ya jua ulinipatia. Inafukuza kuku muzuri sana.

Usiogope, hakuna mwenye anakukasirikia. Tantine naye anataka konje, anarudi na sie Lubumbashi, mwezi muzima. Aliuliza atalala wapi. Nilimuambia: kwa Yaya Mado, njo yeye anajua kuchagulia bantu.

Tandika kitanda. Anapenda upande ya ukuta.

Mudogo yako mwenye kukupenda,
Nadine