Nimekuwa Nikifuta Oili ya Shokapu Kila Asubuhi

Mshauri mpendwa, msaada wako nauomba haraka maana Jumamosi ijayo haiko mbali na kichwa changu kimekuwa kama soko, kila mtu ananadi lake na mimi sijui ninunue kwa nani. Mimi ni mke wa seremala, tuna pikapu moja kuukuu ya kupelekea wateja makabati na vitanda, na mimi ndiye nakaa kule nyuma nashika milango ya vioo isigongane, kwa hiyo usidhani naropoka, huu mgongo wangu unajua kila shimo la hii barabara kwa jina.

Sasa kama miezi miwili hivi pikapu imeanza kucheza. Ikipita tuta inaruka, inashuka, inaruka tena, tuta lenyewe tumeshalisahau yenyewe bado inasalimia. Akikanyaga breki pua inainama kama inataka kunusa lami, na kwenye kona inayumba mpaka nasema leo ndiyo leo. Nimeshavunja vioo viwili, baba watoto akasema nashika vibaya, nikamwambia basi njoo ushike wewe mimi niendeshe, akawasha gari.

Mume wa mdogo wangu ni fundi magari, mtaani tunamwita Bwana Spana. Alikuja kufunga pedi za breki, akachungulia mle nyuma ya magurudumu, akasema, "Kaka, shokapu za mbele zimekwisha, zimelowa oili. Weka mpya, zote mbili."

Baba watoto akacheka. "Zimekwisha na gari inatembea? Wewe unamzika mtu kwa sababu amekohoa."

"Huyu anakohoa damu, kaka."

"Siku hizo shokapu zikikatika nitakuita."

Basi mimi nikamtetea mume wangu, si ndiyo kazi ya mke, lakini nikapitiliza, mdomo wangu huu hauna mlango wala pazia. Nilisema saluni, nikasema kwenye foleni ya maji, nikaenda mpaka dukani kununua chumvi ambayo hata sikuihitaji ili niseme na huko, kwamba Bwana Spana akikosa kazi anazitafutia gari za watu magonjwa. Watu walicheka sana, na mimi sikatai, nilinogewa.

Halafu nikaanza kuuliza-uliza, hapo ndipo nilipopotea kabisa. Dereva wa lori la maji akasema tazama tairi, zikiliwa mawimbi-mawimbi ndiyo wakati wake. Muuza spea akasema hesabu kilomita, lakini ile saa ya kilomita ilikufa kabla hatujainunua hii gari. Jirani yangu mshonaji akasema kaka yake aliendesha miaka na miaka bila hata kujua shokapu ni kitu gani, nikamuuliza yuko wapi sasa, akasema anatembea kwa miguu. Mwingine akasema bonyeza gari kwa nguvu uachie, ikidunda zaidi ya mara moja au mbili imekwisha. Tukaenda kubonyeza, mimi na mshonaji, unajua na miili yetu, mimi nikahesabu tatu yeye akahesabu moja, tukabishana mpaka chai ikapoa, tena mbao za kitanda zilikuwa bado zimejaa nyuma.

Jumatatu baba watoto naye akachoka kelele zangu, akachukua tochi akalala chini ya gari. Akatoka na mkono juu kama bondia aliyeshinda. "Kavu! Kama zingekuwa zimekufa zingevuja. Angalia mkono wangu, msafi." Nikapiga vigelegele, nikatoka kwenda kutangaza.

Bwana Spana akasikia, akaja jioni hajanisalimu hata vizuri. Akanyoosha kidole nyuma ya gurudumu, akasema, "Shemeji, hizo hapo, mimi niliona zimelowa kwa macho yangu haya. Oili haikauki yenyewe. Labda kuna malaika anapita na kitambaa."

Watu wote pale wakacheka na mimi nikacheka kuwashinda, halafu nikakiona kitambaa changu kwenye kamba ya nguo, kumbe malaika ni mimi.

Mshauri, mimi kila asubuhi kabla gari haijatoka naiosha. Siwezi kuona gari ya mume wangu inaenda kwa wateja chafu, watasema mke wake ni mvivu. Na pale nyuma ya gurudumu kuna kile kichuma kirefu kama pampu ya baiskeli, kila siku nakikuta na uchafu mweusi wa mafuta unaoshika vumbi, nami nakifuta mpaka king'ae, huku na huku. Sikujua kama ndiyo hiyo shokapu! Mimi nilidhani shokapu ni kitu cha ndani huko kwenye injini. Jumatatu nilikuwa nimeshafuta, na gari haikutoka siku ile, sasa mume wangu angeona nini?

Tangu hapo sijasema. Mdogo wangu simu zangu hapokei, baba watoto anatembea kifua mbele, na Jumamosi ijayo anamfuata mama mkwe kwa wifi yangu, bibi wa watu amepasuliwa jicho na daktari amesema asitikiswe kabisa, na njia yenyewe ni ule mteremko wa darajani. Mume wangu anasema pikapu ni nzima, ameikagua mwenyewe. Nikisema, nitakuwa kichekesho cha mtaa mzima, na mtaa huu nimeufundisha mimi mwenyewe kucheka watu. Nisiposema, labda pia ni nzima kweli, maana wengine wanasema oili kidogo si kitu. Mimi sijui tena. Na bado asubuhi nafuta, nikiacha ataniuliza mbona leo hujaosha. Shokapu inabadilishwa lini hasa, na mimi nianzie wapi?

Ni mimi, mke wa seremala.

JIBU

Mke wa seremala, nimecheka barua yako mpaka nilipofika kwa mama mkwe. Hapo nikaacha.

Kwanza, pole. Kuosha gari si kosa, na hakuna aliyekuonyesha shokapu iko wapi. Lakini tangu Jumatatu jioni unajua. Kitambaa cha Jumapili kilikuwa usafi, cha Jumanne ni uongo. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya gari ambayo watu wanaipanda.

Unasema umechanganyikiwa kwa sababu kila mtu amesema lake. Dada, hao watu hawapingani! Ukimwacha kaka wa mshonaji, kila mmoja ameshika kipande chake. Kilomita zinakwambia lini ukague, hazitoi hukumu. Unyevu kidogo wa oili unaweza kuwa wa kawaida, ila oili inayorudi kila siku mpaka inashika vumbi si unyevu, hiyo inavuja. Ongeza kudunda, kuinamisha pua kwenye breki, kuyumba kwenye kona. Unangoja ikuandikie barua? Wakati wa kubadilisha ulishafika, tena umepita. Na mumeo aelewe kwamba shokapu haingoji kukatika ndipo iwe imekufa. Kazi yake ni kuikandamiza tairi barabarani. Tairi ikirukaruka, breki inashika hewa, na mteremko wa darajani hautaki breki inayoshika hewa.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujamwambia jirani yeyote, mwambie mumeo. Usizunguke kwa chumvi na sukari. Mwambie hivi: "Baba watoto, ulikuta kavu kwa sababu nilikuwa nafuta mimi." Atacheka au atafoka, vyote utavimaliza, umeolewa naye siku nyingi. Akibisha bado, shusheni mbao zote, mfute pamoja mbele ya macho yake, azungushe gari siku nzima ya kazi, jioni apitishe kidole chake mwenyewe. Apapase na tairi, akikuta mabonde ajue nayo ni ushahidi. Kisha abonyeze yeye na ahesabu yeye. Wewe na mshonaji kaeni mbali.

Mpya zinafungwa mbili kwa pamoja, kulia na kushoto, kama alivyosema shemeji yako. Na za nyuma mwombe azitazame akiwa hapo.

Huyo Bwana Spana umemvunjia jina, na jina la fundi ndilo karakana yake. Kumwomba radhi chumbani hakutoshi. Pita saluni, pita foleni ya maji, pita dukani, useme kwa sauti ileile uliyomsema nayo: "Fundi alisema kweli, mimi ndiye niliyekuwa nafuta." Watakucheka. Vumilia. Mdogo wako atasikia kabla hujafika nyumbani, mtaa wenu naona unapeleka habari haraka kuliko redio, na simu itaita yenyewe.

Na la mwisho halina mjadala. Jumamosi ikifika shokapu hazijafungwa, mama mkwe asikanyage hiyo pikapu. Mkodishieni teksi, au abaki kwa wifi yako wiki nyingine. Mumeo akinuna, mwambie mimi ndiye nimesema: gari ina duka la spea, jicho la mama yake halina.