Damu ya Rukia

Jumatano, baada ya alasiri

Na bado niliificha siri! Muuguzi aliuliza kwa upole tu, "Marehemu mumeo ndiye babake Rukia wa kumzaa?" Nikajibu, "Ndiye."

Nauandika ukweli hapa, maana kwingine sijawahi kuusema. Rukia nilimchukua kwa dada yangu kule Kibarani akiwa na siku arubaini. Kwetu mtoto akishapewa mtu, amepewa. Tumbo alilotoka halitajwi tena.

Muuguzi alitueleza kwamba saratani ya ini, ile iliyomuua mume wangu, wakati mwingine huchangiwa na tofauti ndogo za vinasaba ambazo mzazi humrithisha mtoto. Si hukumu, alisema, ni kujua nani wa kuchunguzwa mapema. Rukia akakunja mkono wa buibui, akatolewa damu.

Tulipofika mlangoni kwetu, akaniuliza, "Mama, nikikutwa nayo, nani ataniposa?"

Ningeweza kumtua mzigo ule kwa neno moja, na neno lilinifika mdomoni. Lakini akishajua, ataniitaje? Nikamwambia aende akateleke chai. Mjinga mimi. Mwoga, hasa.

Sasa namsikia jikoni akipiga mbinja polepole, vilevile alivyofanya marehemu akiwa na wasiwasi. Watu husema amerithi kwa babake.

Mimi ndiye niliyewafundisha kusema hivyo.