Jiko la Kaka Kondo

Jumatano, 2 Septemba 1953

Zamu ya asubuhi. Sokoni shwari. Ng'ombe aliingia shamba la mihogo la watu, tukamtoa. Jioni nikapita kwa Kaka Kondo na sare yangu, kama kawaida. Kanipa mishikaki miwili, nikala nimesimama. Watu wengi pale siku hizi. Madereva wa malori, vibarua wa barabara. Wanakaa kwenye magogo kando ya njia na kucheka kwa sauti. Moshi wa jiko unakwenda moja kwa moja kwenye nyumba mpya ya bati, ya Bwana Elia, karani wa boma. Mtu wa bara, hana hata miezi mitatu hapa Kisarawe. Madirisha yake yote yalikuwa yamefungwa. Na joto lote lile.

Ijumaa, 4 Septemba

Bwana Elia amekuja kituoni kwetu, polisi. Mpole. Mke wake ni mjamzito na ana pumu. Mara tatu amemwomba Kaka asogeze jiko. Kaka kamjibu kwamba jiko lilikuwapo kabla ya nyumba. Kweli lilikuwapo. Na yule mama kweli anaumwa. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba wote wawili wana haki.

Baada ya swala watu wamebishana nje ya msikiti. Wenye nyumba za bati upande mmoja, wa makuti upande mwingine. Nilipofika karibu wakabadilisha maneno.

Jumapili, 6 Septemba

Bwana Elia amemwaga ndoo ya maji juu ya makaa ya Kaka. Kaka kamsukuma, kaanguka. Vibarua wakamvunjia Bwana Elia uzio. Nilifika mambo yamekwisha. Mke wake alikuwa mlangoni, mkono kifuani, anatafuta pumzi. Kaka anachokora majivu yaliyolowa. Nikasimama katikati yao. Sikumsaidia yeyote.

Jumatatu, 7 Septemba

Amri ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, imefika. Wachoma nyama wote waondoke barabarani, wahamie nyuma ya machinjio. Mwisho kesho adhuhuri. Nyuma ya machinjio hapiti mtu, ila mbwa.

Nimemfuata Kaka nyumbani kumsihi. Kanisikiliza mpaka mwisho, huku anakata nyama. Halafu kasema, "Ramadhani, wewe umekulia moshi huu."

Baba alipokufa nilikuwa na miaka minne. Kaka ndiye aliyenilea. Yeye hajui hata alifu, lakini mimi alinipeleka shule. Watoto wenzangu darasani walikuwa wakininusa shati na kucheka, eti nanukia mishikaki. Nilikuwa naona aibu. Sijawahi kumwambia.

Jumanne, 8 Septemba

Niandike tu.

Sajini alinichagua mimi. Kasema, "Nenda wewe, ni ndugu yako, atakusikia." Akanipa askari mmoja wa kufuatana naye. Kaka alikuwa amewasha jiko palepale. Watu wamejaa kutazama. Kaniona na bunduki ya mwenzangu nyuma yangu, kauliza, "Umekuja kula, au umekuja na serikali?"

Wakacheka wote. Ningeweza kucheka nao. Kicheko kikanipanda kichwani, kile cha shuleni hasa. Nikasema, "Zima moto, Kaka." Yeye akageuza mshikaki. Nikasema tena. Akageuza mwingine.

Nikalipiga teke lile pipa la jiko.

Makaa yakatawanyika barabarani. Nyama mchangani. Kaka akainama kuiokota kwa mikono mitupu, katikati ya makaa, moja moja, bila haraka. Nilisema aache. Hakuacha. Hakuna aliyecheka tena.

Aliponyoosha mikono nimfunge pingu, ngozi ya viganja ilikuwa imeanza kuvimba. Nikamfunga. Mikono ile. Tulitembea mpaka kituoni.

Alhamisi, 10 Septemba

Barazani. Kaka kapewa wiki mbili jela, kwa kukaidi amri na kumsukuma karani. Mimi nilikuwa shahidi. Nikaulizwa ilikuwaje. Nikaeleza yote sawasawa, ila nilipofika mahali pale nikasema, "Jiko likapinduka." Kama vile lilijipindua lenyewe.

Kaka alinitazama mara moja tu. Baada ya hapo akatazama ukuta.

Mimi ni mwongo na mwoga. Nimeandika.

Jumanne, 15 Septemba

Mke wangu Mwajuma kapika wali na samaki, nikaupeleka gerezani. Ukarudi vilevile, na kifuniko chake. Akaenda Mwajuma mwenyewe na mafuta ya nazi ya kumpaka mikononi. Kaka akayapokea, akamshukuru sana, akamwita mwanangu.

Jioni Bwana Elia kaja kwangu, kabaki kizingitini. Kasema hakutaka mtu afungwe, alitaka jiko lisogezwe tu. Moshi haupo, na mke wake bado anakohoa usiku kucha. Ningependa kumchukia. Nimeshindwa. Nimemkaribisha chai.

Alhamisi, 24 Septemba

Kaka katoka. Nilimngoja langoni na baiskeli, nimbebe. Alipotokea nikasema, "Shikamoo, Kaka."

Kanipita.

Tangu nizaliwe sijawahi kumwamkia akaniacha bila marahaba. Nilibaki nimeshika usukani kama mjinga. Askari wa langoni akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Jumamosi, 26 Septemba

Kaka na watu wake wamehama. Lori limebeba vitanda, mikeka, kuku wawili. Wanakwenda Visiga kwa wazazi wa shemeji. Pipa wameliacha kando ya barabara, hakuna anayeligusa. Zuhura, binti yao, alikuja kuniaga mbio mbio maana baba yake alikuwa anatazama. Ameshachumbiwa. Mtoto huyu nimemwogesha, nimembeba mgongoni mpaka Pugu alipougua surua. Kasema, "Utakuja, Baba Mdogo?" Nikasema nitakuja. Wote wawili tulijua.

Jumapili, 11 Oktoba

Sina zamu. Nimepiga baiskeli mpaka Visiga kwa njia ya Mbwawa. Nilivaa kanzu, makusudi, wasiione sare. Nimefika mchana. Kaka alikuwa amekaa mkekani anasuka ungo. Aliponiona akasimama wima, akavua kofia, mikono imenyooka ubavuni.

"Karibu, afande."

Nikasema, "Kaka, ni mimi, Ramadhani."

"Nakufahamu, afande."

Shemeji akaniletea kiti, na maji kwenye glasi ya wageni. Kaka hakuketi. Muda wote nilipokuwa pale hakuketi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki tena, nimeviona. Nikasema nimekuja kuomba radhi. Kasema, "Kuna kosa gani tena, afande? Kifungo nimemaliza."

Ningefurahi kama angenipiga. Angenipiga ningejua mimi bado ni mdogo wake.

Njiani nimelia. Sikuweza kupanda baiskeli, nimeisukuma mpaka Mbwawa.

Jumatano, 21 Oktoba

Bwana Elia kapata mtoto wa kiume. Mama mzima. Alhamdulillahi. Nimesema hivyo na nilimaanisha.

Sajini kanisifu mbele ya wenzangu kwa barabara kuwa safi. Niliitikia.

Jumamosi, 31 Oktoba

Leo Zuhura anaolewa. Majirani wengi walikwenda jana. Mwajuma pia. Barua ya mwaliko ilimtaja yeye tu. Katika nafasi ya baba mdogo atasimama binamu yetu wa Maneromango. Mtu mzuri. Nimefua sare, nimepiga pasi, nimekaa nayo mapajani.

Jumatatu, 2 Novemba

Mwajuma karudi kabla ya magharibi, hina mikononi. Kasema ilipendeza. Bibi harusi alilia kidogo, kama wote. Pilau ilitosha. Nimemsikiliza. Alipomaliza nimemuuliza kama Kaka ameuliza habari zangu.

Kavua kanga, kaikunja polepole.

"Aliuliza tu kama mvua imenyesha Kisarawe."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia bado."