Kivuko cha Pili

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mjomba Shamsudin kaniomba kitu leo, nikakubali kabla sijafikiri. Ndivyo nilivyo.

Jumapili anaonyesha tena bandani kwake ile filamu ya kivuko, ya ugonjwa wa kirusi na mazombi. Yeye hupunguza sauti ya televisheni, hushika kipaza sauti na kutafsiri mwenyewe. Zamani banda zima lilimwamini. Sasa vijana wa hapa Mapinga wameshaiona kwenye simu, wanamcheka. Eti wapi mazombi waliposema wamesikia harufu ya ubwabwa wa maulidi? Kwa hiyo anataka niitazame kwanza, kisha nimwambie wanasema nini kweli. Kiingereza changu ni cha vitabuni! Lakini nitajaribu.

Niliiona nikiwa na miaka saba, mkekani, mstari wa mbele. Mwaka aliofariki mama. Nakumbuka mahali pamoja tu: mama mmoja, ameshang'atwa mkono, anafungua kamba ya kivuko ili mwanawe aondoke. Yeye anabaki gatini. Na mjomba, kwa sauti nyembamba: "Nisubiri ng'ambo, mwanangu. Naja na kivuko cha pili."

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeitazama baada ya kumaliza kazi za shule. Haitishi tena. Mazombi wananitia huruma — bado wamevaa sare za kazini, mmoja ana funguo shingoni. Walikuwa watu wanaorudi nyumbani.

Halafu kamba. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Yule mama hasemi atakuja. Anasema: usinisubiri.

Hakuna kivuko cha pili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia mjomba alipotoka msikitini. Alikuwa kibarazani anafunga waya wa kipaza sauti kwa utepe mweusi. Nilidhani atashangaa.

"Najua, Wahida," akasema. "Maneno yale hata mimi nayaelewa. Ulikuwa umekaa pale mbele, na arobaini ya mama yako ilikuwa bado."

Mimi si mtu wa kuwajibu wakubwa. Lakini yalitoka yenyewe.

"Nilimsubiri, mjomba. Kila gari la wagonjwa likipita barabarani, nilikuwa natoka nje."

Aliukunja waya kabla hajamaliza kuufunga. Kisha akasema kwamba Jumapili Mize atakuwepo.

Mize ni bintiye, ana miaka sita. Mama yake alikwenda Muscat kufanya kazi za ndani, na tangu Ramadhani simu yake haipatikani. Mize akiuliza, mjomba humwambia mama yuko njiani. Mimi pia nimeshamwambia hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika bandani, nyuma ya daftari la Historia. Umeme umekatika — mjomba alisahau kununua, na mita ya LUKU haina huruma na filamu. Ametoka kwenda kwa wakala. Watu hawaondoki. Mlango uko wazi, mwanga unatosha.

Mambo yalikwenda vizuri. Nilikaa pembeni yake, namnong'oneza, naye anasema. Hata ubwabwa aliurudisha kidogo na watu wakacheka. Pazi, fundi wa simu, ndiye mbishi wao mkubwa, alisema leo mjomba amesoma. Kisha tukafika gatini. Yule mama akaishika kamba. Mjomba akanisogezea kipaza sauti mdomoni.

"Hapa sema wewe."

Nikakipokea. Mama wa watu akafungua mdomo — na giza! Pazi akapiga kelele kwamba zombi kang'ata nguzo ya umeme.

Sasa Mize kaja kukaa miguuni pangu. Anauliza yule mama atapanda au hatapanda. Nimemwambia tusubiri umeme. Akasema, sawa, yeye anajua kusubiri.

Anajua kusubiri. Na ana miaka sita tu.

Nikisema kama filamu, nitamliza mbele ya watu. Nikisema kama mjomba, leo atalala vizuri, na kesho atakwenda kukaa barabarani. Mimi napajua pale.

Mjomba amerudi, anabonyeza tarakimu kwenye mita. Hanitazami.

Feni imeanza kuzunguka. Nimemwambia Mize apande juu, akae kwenye benchi na mimi. Mkono wake nimeushika, asilisikie neno la kweli akiwa peke yake. Kipaza sauti nakishika kwa huu mwingine, kwa hiyo kalamu naiweka chini.